Mwanafunzi na Vitabu vya Ajabu

Mzazi akimkuta mwanawe ameinamia kitabu chenye picha ya chombo cha angani au ya joka litemalo moto, aghalabu humwamrisha akiweke kando ashike cha masomo, kwa dhana kwamba kitabu kisichosimulia mambo yaliyopata kutokea ni upotezaji wa wakati na wa macho. Waishikao dhana hiyo hawana nia mbaya. Walakini ina dhara, kwa sababu humfungia kijana mlango mmoja wa elimu katika saa ileile ambayo hamu yake ya kuuingia imepanda kabisa. Makala haya yamekusudiwa kwa mwanafunzi wa sekondari apendaye kusoma, na kwa mzazi au mwalimu aliyeulizwa na mwanafunzi huyo aanze na kitabu gani katika hadithi za kisayansi na hadithi za ajabu, asiwe na jibu la kumpa.

Hadithi ya kisayansi hushika jambo ambalo maarifa ya binadamu yamelikaribia, au yamkini yatalikaribia, kama vile mashine ifikiriyo, safari ya nyota hadi nyota, au dawa ya kuahirisha mauti, ikauliza watu watakuwa katika hali gani jambo hilo likiwa kweli. Hadithi ya ajabu haingoji idhini ya sayansi. Majini, wachawi na wanyama wanenao huingia humo kwa haki yao. Hata hivyo zote mbili zimefungwa na kanuni moja, nayo ni kwamba mwandishi ana hiari ya kuuwekea ulimwengu wake sharti lolote alitakalo, lakini akishaliweka hana ruhusa ya kulivunja. Jini aliyesemwa mwanzoni kuwa hawezi kuvuka maji, asivuke maji katika ukurasa wa mia mbili kwa kuwa mtunzi amekwama na hadithi yake. Mwanafunzi aliyezoea kuiangalia kanuni hii atapambanua kitabu kizuri na kibaya bila ya kuambiwa na mtu, na ustadi huo utamfaa hata atakapokuwa akisoma historia, sheria au hesabu.

Nashauri msomaji wa Kiswahili aanze nyumbani. Sisemi hivi kwa kujisifia vya kwetu, bali kwa sababu hadithi ya ajabu haikuletwa katika pwani hii na meli ya jana. Watu waliolelewa kwa habari za Fumo Liyongo, shujaa ambaye hakudhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni, na kwa hekaya za Elfu Lela Ulela, hawana haja ya kufundishwa na mgeni namna ya kustaajabu. Shaaban Robert aliuchukua urithi huo akaufanyia kazi mpya. Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, ndicho kitabu ningempa kijana wa kidato cha kwanza kabla ya kingine chochote. Mtumishi wa Mfalme Rai, aliyetumwa nchi ya Janibu kwa shughuli ya kodi, amelala nyumbani kwa Adili, mtawala wa nchi hiyo, na usiku wa manane anaona jambo ambalo akili yake inakataa kulipokea: mwenyeji wake, mtu mpole na mkarimu, anaingia mahali walipofungwa manyani wawili, anawacharaza kwa mjeledi, na baada ya kuwacharaza anawalisha kwa huruma huku machozi yakimtoka. Sijapata kumwona msomaji aliyefika hapo akakiweka kitabu chini. Naye atakaposonga mbele ataona kwamba kila pigo la mjeledi lina sababu yake, kwamba ukatili ule ni sharti la jini, na kwamba atendaye anaumia kuliko atendewaye. Hapo kijana amekwisha kufundishwa, pasipo mahubiri, kwamba tendo moja laweza kuwa na sura mbili.

Kusadikika, kilichotangulia kwa mwaka mmoja, ni cha msomaji aliyepevuka kidogo. Ni habari za nchi ieleayo angani, ambako Karama ameshtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe elimu ya sheria. Mbele ya mfalme na baraza lake hajitetei kwa kulia wala kwa kuomba radhi, bali anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakaleta mafunzo ya manufaa makubwa, wakalipwa kifungo. Kilipotoka kitabu hiki Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na msomaji mwenye macho hakukosa kujiuliza ni nchi gani hasa ielezwayo. Hiyo ndiyo kazi moja kubwa ya hadithi za namna hii: mambo ambayo hayasemeki barazani katika nchi iliyomo katika ramani, husemeka katika nchi isiyomo. Anayekipenda Kusadikika asikose Kufikirika, kilichochapishwa baada ya kufa kwa mtunzi wake, ambamo mfalme asiye na mtoto anawakusanya waganga wa kila aina, na uaguzi unagongana na akili.

Msomaji akitaka anga la kisayansi hasa, na akitafute Walenisi cha Katama Mkangi, kilichotoka Nairobi mwaka 1995. Mkangi alikuwa mwenyeji wa Pwani ya Kenya, mtaalamu wa elimu ya jamii, na katika miaka ya 1980 alipata kuwekwa kizuizini pasipo kuhukumiwa. Kwa hiyo alipoandika juu ya dola imwonayo mtu mwenye fikira zake kuwa mhalifu, hakuandika kwa kusikia. Dzombo, shujaa wa riwaya yake, anahukumiwa kufa, na namna ya kufa kwake ni kutiwa katika chombo cha anga kisichotazamiwa kumrejesha kiumbe. Lakini chombo hakimuui. Kinamfikisha katika sayari nyingine, kwa watu walioijenga jamii yao juu ya usawa, na sehemu kubwa ya riwaya inakuwa ni mshangao wa mtu aliyezoea dhuluma anapokutana na insafu asijue namna ya kuipokea. Kuna kurasa ambamo wahusika wanaeleza mno na kutenda kidogo, na mwanafunzi asione haya kuzipitia kwa haraka. Uzito wa kitabu hauko humo. Uko katika ujasiri wa kumpandisha mtu wa kwetu angani, akiwa na lugha yake na maudhi yake, pasipo kuomba ruhusa kwa yeyote.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) vya Euphrase Kezilahabi ni vitabu vyembamba kwa kurasa na vizito kwa maana, na visubiri hadi kidato cha tano na zaidi, kwani nimewaona vijana hodari waliovikimbilia mapema wakavichukia bure. Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, ambamo marehemu anarudi kumkabili mjukuu wake aliyeneemeka kwa njia zisizo za haki, chaweza kutangulia.

Huenda akatokea mtu akasema kwamba anga na nyota ni mambo ya mataifa mengine. Mtu huyo na akumbushwe tarehe 12 Desemba 1970, ambapo kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kupima miali ya eksirei itokayo katika nyota. Na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya taifa la Kenya, kikaitwa Uhuru. Kilikuwa chombo cha kwanza duniani kuwekwa angani kwa kazi hiyo peke yake, na vipimo vyake viliwasaidia wanafalaki kuitambua nyota iliyokufa ikawa shimo jeusi. Wavuvi wa Malindi walikuwa na chombo cha anga mlangoni pao wakati ambapo miji mingi mikubwa ya dunia haikuwa nacho.

Tena, mmoja wa waasisi wa hadithi za kisayansi aliianza kazi yake kwa kupitia Zanzibar, japo kwa fikira tu. Jules Verne, Mfaransa ambaye hakuwahi kufika sehemu hizi, alichapisha mwaka 1863 riwaya yake ya kwanza kubwa, Five Weeks in a Balloon kwa tafsiri yake ya Kiingereza, ambamo Daktari Fergusson na wenzake wawili wanapaa kwa puto kutoka kisiwa kilicho karibu na Unguja, wakavuka Afrika nzima hadi Senegali. Uzuri wa kitabu hiki uko katika hesabu zake: Verne hakuridhika kusema puto lilipanda na kushuka, bali alibuni mtambo wa kuipasha moto gesi iliyomo ndani ili chombo kipande pasipo kutupa mizigo, na kishuke pasipo kupoteza gesi, akaeleza jinsi ufanyavyo kazi hata msomaji akaamini. Ubaya wake nao hauna budi kutajwa. Puto linapofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mtunzi anawafanya wenyeji wadhani mwezi umeshuka kuwazuru, na uongo huo unadumu mpaka mwezi wenyewe unapochomoza. Kazeh ilikuwa mji wa biashara, kituo cha misafara ya Wanyamwezi na Waarabu, watu walioujua mwezi na nyota kwa kuwa waliongozwa nazo safarini. Simkatazi mwanafunzi kukisoma. Namtaka akisome akiwa na kalamu mkononi, na penye dharau aandike pembeni jibu lake.

H. G. Wells, Mwingereza, alikuwa na dhamiri kali zaidi. Katika The War of the Worlds ya mwaka 1898 aliwashusha viumbe wa Mirihi juu ya Uingereza wakiwa na silaha zisizozuilika, na mwanzoni kabisa mwa kitabu akawakumbusha wasomaji wake jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Yaani aliwapa wenye dola ladha ya kuwa watawaliwa. Mwanafunzi aliyesoma habari za Maji Maji atauelewa moyo wa kitabu hiki upesi.

Lakini vitabu vya mataifa mengine vikihesabiwa kwa sifa, Frankenstein cha Mary Shelley ndicho ningekitaja mbele ya vyote. Mwaka 1815 mlima wa Tambora, katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, ulilipuka, na majivu yake yakalifunika jua hata mwaka uliofuata ukakosa kiangazi katika Ulaya. Katika msimu huo wa baridi na mvua, binti wa miaka 18 alikuwa pamoja na rafiki zake kando ya ziwa la Geneva, wamefungiwa ndani na hali ya hewa, na mmoja wao, mshairi Byron, akatoa shauri kila mtu atunge hadithi ya kutisha. Iliyotungwa na binti yule ilichapishwa London mwaka 1818 bila ya jina lake, na haijaacha kusomwa tangu hapo. Watu wasiokisoma hudhani ni habari za zimwi na kelele. Kwa hakika ni habari za mwanafunzi mwenye akili, Victor Frankenstein, aliyeutafuta ufunguo wa uhai kwa ghera kubwa, akaupata, akamuumba kiumbe, kisha akakimbia kwa kuuchukia uso wake. Kiumbe yule aliyetupwa anajificha karibu na nyumba ya maskini, na kwa kuchungulia katika ufa wa ukuta anajifunza namna watu wanavyosema, wanavyopendana na wanavyosoma; anajifunza hata anakuwa msemaji kuliko mwumba wake, na katika vitabu alivyovipata anatafuta kiumbe aliye mfano wake asimwone. Atakayesoma kurasa hizo pasipo kuguswa na huruma ajichunguze. Kwa vijana wetu watakao kuwa madaktari na wahandisi sijui somo la uwajibikaji lililo bora kuliko hili, na ninafurahi kwamba liliandikwa na mtu wa umri wao.

Kwa mtoto wa visiwani au wa pwani, kipo kitabu kitakachomfanya ajione yuko kwao: A Wizard of Earthsea cha Mmarekani Ursula K. Le Guin, kilichotoka mwaka 1968. Ulimwengu wake ni funguvisiwa. Watu husafiri kwa tanga, hufanya biashara ya kisiwa kwa kisiwa, na mganga wa upepo ni mtu wa kuheshimiwa chomboni. Ged, mchunga mbuzi aliyegundua kwamba ana kipaji cha uganga, anapelekwa katika chuo cha kisiwa cha Roke. Na huko, kwa takaburi tu, ili kumwonyesha mwenziwe aliyemdharau kwamba yeye ni zaidi, anafungua mlango kati ya walio hai na wafu, na kikatoka kivuli kinachomwandama bahari nzima. Sharti la ulimwengu huu ni kwamba kila kitu kina jina lake la kweli, na alijuaye jina anakimiliki kitu. Kwa sababu hiyo jina la kweli la mtu ni siri ambayo hupewa rafiki wa damu peke yake. Sharti hilo Le Guin analitunza tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kitakachotokea Ged atakapogeuka akaacha kukimbia, akaanza kukiwinda kinachomwinda, sitakisema. Jambo moja nalipenda nilitaje: Ged ana ngozi ya rangi ya shaba, na rafiki yake mkubwa ni mweusi, ndivyo alivyowaandika mtunzi kwa makusudi, lakini wachapaji kwa miaka mingi waliwachora weupe katika majalada, naye hakunyamaza kuwalaumu.

Isaac Asimov, katika hadithi fupi za I, Robot (1950), aliziwekea mashine zake kanuni tatu, kisha katika hadithi baada ya hadithi akaonyesha jinsi kanuni njema zinavyoweza kugongana. Kiingereza chake ni chepesi, na mwanafunzi anayezungumza na mashine kwa simu yake kila jioni ana sababu kubwa ya kukisoma kuliko waliyokuwa nayo wasomaji wa kwanza. Fahrenheit 451 cha Ray Bradbury, cha mwaka 1953, kinasimulia dola inayochoma vitabu moto na watu wanaoviokoa kwa kuvihifadhi moyoni, jambo ambalo jamii yenye mahufadhi na wapokezi wa tenzi haitaliona kuwa ni geni.

Nimekiweka nyuma kitabu ambacho natamani kila binti wa sekondari akisome, nacho ni Binti cha Nnedi Okorafor, mwandishi aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wa Kinijeria. Kilitoka mwaka 2015 kikapata tuzo za Hugo na Nebula, na ni kifupi kiasi cha kumalizika kwa siku mbili. Binti ni msichana wa miaka 16, wa kabila la Wahimba wa kusini mwa Afrika, hodari wa hesabu, na baba yake ni fundi wa astrolabu, chombo kilekile walichokitumia wanafalaki wa Kiislamu kupimia nyota. Amekubaliwa katika chuo kikuu kilicho katika sayari nyingine. Hakuna mtu wa kabila lake aliyewahi kwenda, na jamaa zake hawataki aende. Basi anatoka nyumbani usiku pasipo kuaga, amejipaka mwilini udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta kwa desturi ya wanawake wa kwao. Kituoni, kabla ya kupanda chombo, wengine wanamcheka, wanamgusa nywele kama mtu agusaye bidhaa sokoni. Kisha chombo kinavamiwa na viumbe walio mfano wa yavuyavu wa baharini, na chanzo cha vita kinafunuliwa: chuo kile kikubwa kimeweka katika makumbusho yake kiungo cha mwili wa mfalme wao, kilichochukuliwa pasipo ridhaa yao. Mwanafunzi wa Lindi, anayejua kwamba mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru ilichimbwa katika ardhi ya mkoa wake kati ya mwaka 1909 na 1913 na hadi leo imesimamishwa Berlin, hatahitaji mfasiri wa jambo hilo. Na binti aliyetoka kijijini kwenda shule ya bweni, akachekwa kwa lafudhi yake na mafuta yake ya nywele, atakutana humo na mtu amjuaye.

Wakubwa wa kidato cha tano na cha sita wasikose Kindred cha Octavia Butler, cha mwaka 1979, ambamo mwanamke mweusi wa California anavutwa na nguvu asiyoijua hadi katika zama za utumwa, akalazimika kumwokoa tena na tena bwana mwenye watumwa, kwa kuwa bwana huyo ni mmoja wa mababu zake. Kina mambo makali, na mwalimu akisome kwanza. Lakini katika pwani iliyokuwa na soko la watumwa hadi mwaka 1873, ni kitabu cha kusomwa na kuzungumzwa darasani kwa utulivu.

Juu ya namna ya kuvipata na kuvisoma nitasema machache. Vitabu vya Shelley, vya Verne na vile vya kale vya Wells vimetoka katika haki za watunzi, kwa hiyo hupatikana bure katika intaneti, na simu ya mkononi yatosha kuvisomea. Vya Shaaban Robert vimo katika maktaba nyingi za shule, pengine nyuma ya kabati lililofungwa, na mwanafunzi na aombe kabati lifunguliwe. Kwa Kiingereza kigumu, asisimame katika kila neno kulitafuta katika kamusi, kwani hadithi itamfia mkononi. Aandike yale yanayorudi mara kwa mara, mengine maana itayafichua. Kitabu kisichomvuta baada ya kurasa hamsini akirejeshe bila ya haya, achukue kingine.

Lakini kuna zigo ambalo si haki kumtwika mwanafunzi peke yake. Kijana wa Tanzania hutoka darasa la saba akiwa amesoma kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akute lugha imegeuka, na vitabu vingi nilivyovitaja havijatiwa katika lugha aiwezayo. Kwamba kazi hiyo yawezekana kumethibitishwa zamani: hadithi ya Alice wa Lewis Carroll ilifasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940, ikafasiriwa upya na Ida Hadjivayanis mwaka 2015, na Fortunatus Kawegere alitupatia Shamba la Wanyama mwaka 1967, ambalo limesomwa na vizazi. Kwa hiyo nawaomba wafasiri na wachapaji wa Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Mombasa waanze na vifupi, waanze na Binti, kisha wachukue kile cha Le Guin cha visiwa na mabaharia, ambacho msamiati wake wote wa tanga, mrama, demani na kusi umekwisha kuwa tayari vinywani mwa watu wetu. Na vyuo vikuu vyenye wanafunzi wa tafsiri viwape kazi hizo badala ya mazoezi yanayoishia katika jalada la mwalimu.